Mezzanine ya Massive Attack na nilichojifunza kwenye zamu za usiku Bristol

Watu wengi wanaijua Teardrop, wimbo wa kundi la Massive Attack la Uingereza. Wameisikia mwanzoni mwa ile tamthilia ya Marekani ya daktari House, au mtu kaiweka kwenye video ya mvua, wanaikumbuka ile sauti ya mwanamke inayoelea, basi, imeishia hapo. Ukiwauliza wimbo umetoka kwenye albamu gani hawajui. Mi nataka kuongelea albamu yenyewe, Mezzanine, iliyotoka Aprili 1998, nyimbo 11, saa moja na dakika tatu hivi, kwa sababu imenifundisha kazi ya sauti kuliko mtu yeyote aliyewahi kunikalisha chini akanielekeza, na kwa sababu nimeishi kwenye mji ilikotengenezwa nikiwa nafanya kazi ambayo wimbo mmoja wa humo unaieleza mpaka komeo za mlango, nitafika huko.

Kwanza mnijue kidogo. Kabla ya kuja Uingereza nilikuwa mtu wa mitambo, Tanga. Muziki wa kukodi. Harusi, sendofu, kicheni pati, mikutano ya injili, mtu anafungua duka lake anataka vijana wakusanyike, sisi hao. Tulikuwa watatu, tuna miksa moja, jenereta moja, na maboksi ya besi tuliyomtengenezesha fundi seremala mbao nzito kabisa, kuyapandisha kwenye kirikuu ilikuwa kazi ya watu wanne. Sasa kwenye biashara ile kila mtu anajua muziki mzuri ni upi: ni ule unaosikika mpaka mtaa wa pili. Mteja akija anakuuliza una spika ngapi, haulizi zinaliaje. MC anataka maiki yake iwe juu ya kila kitu, bibi harusi anataka wimbo wake uanze kwa kishindo sekunde ileile anayotokea mlangoni. Sikio langu limelelewa hivyo, kila kitu kiwepo, kiwe mbele, na kianze sasa hivi.

Mezzanine aliniletea mteja mmoja kwenye flashi, alikuwa anataka tupige muziki wa taratibu wageni wakiwa wanakula. Nikaifungua stoo tukiwa tunajaribu spika. Wimbo wa kwanza Angel. Unaanza kwa besi ya chini kabisa, ndogo, inaingia taratibu kutoka mbali, afu ngoma inaifuata, na hamna kingine. Inapita sekunde ishirini, thelathini, hamna mtu anaimba. Mwenzangu aliyekuwa ndo didijei wetu alikuwa ameshika waya mkononi akanigeukia akasema, "Kaka, mbona hii haianzi?"

Na kweli hilo ndo swali la albamu nzima. Mbona haianzi. Sauti ya mwimbaji inakuja kama dakika moja imeshapita, na hata ikija ni nyepesi, inatetemeka, maneno machache tu yanarudiwa. Magitaa makali ndo kabisa, unasubirishwa, unasubirishwa, mpaka katikati huko yanapasuka kwa mkupuo na stoo nzima ikawa inatikisika, bati la mlango linalia, na volyumu hatujaigusa. Hicho ndo kilinishika. Sisi tukitaka watu washtuke tunapandisha volyumu, hawa wamekunyima kitu kwa dakika tatu afu wakakupa, na kile walichokupa kikaonekana kikubwa mara kumi kwa sababu ulikuwa na njaa nacho.

Niseme na jambo la vifaa hapa maana watu wanaisikiliza hii albamu kwenye spika ya simu afu wanasema mbona ya kawaida. Spika ya simu haitoi sauti za chini namna ile, haina uwezo, ni kidude kidogo. Ukisikiliza Angel kwenye simu umesikia nusu ya juu ya wimbo, na wimbo wenyewe umekaa nusu ya chini. Tafuta sabufa, au hedifoni zinazofunika sikio lote. Na usiipandishe besi kwenye ekwalaiza, iache ilivyo, aliyeifanyia miksi ni Mark Stent, anayeitwa Spike, na alijua anachofanya.

Anayeimba Angel ni Horace Andy, Mjamaika, mzee wa reggae aliyejijengea jina kwenye studio ya Studio One ya Kingston miaka ya mwanzo ya 70. Historia ya wimbo huu naipenda sana. Mpango wa kwanza ulikuwa aimbe wimbo wa bendi ya The Clash ambao kwenye maneno yake kuna jehanamu. Mzee ni Rasta, akagoma, neno hilo halitoki mdomoni kwake. Basi wakakaa, wakarudi kwenye wimbo wake mwenyewe wa zamani kuhusu malaika, wakachukua maneno ya humo wakayaweka juu ya ile besi nzito. Kwa hiyo huo wimbo wa kutisha unaofungua albamu ulipatikana kwa sababu mtu mzima alisema hapana na vijana wakamheshimu, wakabadilisha wao. Watu niliokua nao wataelewa hilo bila maelezo. Na mzee hawajamwacha, albamu zao zote tano za studio yumo.

Sasa Bristol. Nilivyofika huku nilikuwa najua jina la mji kwa sababu ya kundi hili tu, na kuna vitu kwenye huu muziki sikuvielewa mpaka nilipotembea mitaa yenyewe. Bristol ni mji wa bandari kusini magharibi ya Uingereza, na utajiri wake wa zamani umejengwa na biashara ya watumwa, meli zilikuwa zinatoka pale kwenda pwani ya Afrika Magharibi, zinavusha watu Amerika na visiwa vya Karibi, zinarudi na sukari na tumbaku. Baada ya vita ya pili ya dunia wakaja wahamiaji kutoka Jamaika, Barbados na visiwa vingine wakakaa hasa mtaa wa St Pauls, na walikuja na utamaduni wao wa mitambo, yale maspika makubwa yanayopangwa hadi dari na mtu mmoja anachagua sahani za santuri za kupiga. Yaani kazi yangu ileile ya Tanga, tofauti yao walijengea besi kwanza afu vingine vikafuata.

Humo ndo lilitoka kundi la mitambo lililoitwa The Wild Bunch, miaka ya 80, vijana weusi na weupe pamoja, na kutoka humo wakazaliwa Massive Attack: Robert Del Naja anayeitwa 3D, alikuwa mchora kuta, baba yake Mtaliano, Grant Marshall anayeitwa Daddy G, wazazi wake wametoka Barbados, na Andrew Vowles anayeitwa Mushroom. Albamu ya kwanza Blue Lines ikatoka 1991, ya pili Protection 1994, zote mbili zina joto, zina soul, unaweza kuziweka mchana na watoto wakiwa wanacheza. Mezzanine ni ya tatu na ghafla taa zimezimwa.

Huu muziki waandishi waliupa jina trip-hop, na wenyewe Bristol jina hilo hawakulipenda. Mi silipendi wala silichukii. Ila ukilisikia ukafikiri ni muziki wa kulewea na kujilaza, basi kaa na Inertia Creeps uone kama utalala. Ile ngoma ya humo imetokana na muziki walioukuta Istanbul, inazunguka inazunguka haitui, na Del Naja ananong'ona juu yake kama anakusemea sikioni kitu asichotaka mtu mwingine asikie. Nikiisikia mi nakumbuka namna ngoma za kwetu zinavyokuzungusha mpaka unasahau umeanzia wapi, japo hiyo ni yangu mwenyewe, wao walienda Uturuki.

Sasa turudi kwenye kutengenezwa kwake, hapa kuna somo ambalo kwangu lilikuwa zito. Wale watatu walikuwa hawaelewani. Del Naja alikuwa anataka magitaa, anataka vitu vya panki alivyokua navyo, anachukua vipande vya nyimbo za bendi za Kizungu za miaka ya 70. Mushroom alikuwa mtu wa hip hop na soul na hakuupenda mwelekeo huo. Ikafika hatua wanaingia studio kwa zamu, huyu akitoka ndo yule anaingia, na prodyuza wao Neil Davidge ndo anabaki katikati anapokea ya huyu na ya yule. Wimbo wa Teardrop nao ulileta ugomvi wake. Mushroom aliupeleka kwa Madonna, na Madonna akautaka, mnaelewa maana yake hiyo kwa kundi lolote duniani, Madonna anataka wimbo wako. Wenzake wawili wakasema hapana, sauti tunayoitaka ni ya Elizabeth Fraser, Mskoti aliyekuwa anaimba na bendi ya Cocteau Twins. Wawili kwa mmoja, Fraser akapewa. Mwaka 1999 Mushroom akaondoka kwenye kundi, na hakurudi.

Mi na wenzangu wawili wa Tanga tuliachana pia, sio kwa ugomvi mkubwa, mmoja alitaka tununue taa na moshi na skrini tuingie kwenye harusi za watu wenye hela, mwingine alitaka tubaki na spika tuboreshe sauti, na mi nilikuwa naelekea kuondoka nchini. Tukagawana vifaa. Kwa muda mrefu nilikuwa naamini kazi nzuri inatoka kwa watu wanaopatana, ndivyo tunavyofundishwa, na naamini bado kwa mambo mengi. Lakini siwezi kuisikiliza Mezzanine nikasema wangepatana ingekuwa bora zaidi. Ule mvutano unausikia humo ndani. Unamsikia Isaac Hayes yuko kwenye Exchange, soul yenyewe, laini, kipande walichokichukua kwake, na wimbo unaofuata magitaa yanakukwaruza. Mtu mmoja akiwa bosi wa kila kitu anazilainisha hizo kona. Hapa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulainisha. Afu nafikiria upande wa Mushroom, aliyepoteza kundi alilolianzisha akiwa kijana mdogo kabisa, na siwezi kusema ilistahili, sijui nani ana haki ya kupiga hesabu hiyo. Albamu ni nzuri na mtu aliondoka, yote mawili ni kweli, mi nayabeba yote.

Teardrop yenyewe nayo ina huzuni yake. Kuna kinanda cha zamani cha Ulaya, ngoma inayopiga kama moyo, ile mikwaruzo ya sahani kuukuu nyuma, na Fraser juu. Maneno alikuwa anayaandika kipindi ambacho Jeff Buckley, mwanamuziki waliyekuwa wanapendana huko nyuma, alizama mtoni Memphis, Mei 1997. Fraser alikuwa ametoa barua, anamfikiria. Yeye mwenyewe amesema wimbo kwa namna fulani unamhusu huyo. Sikujua hilo miaka mingi ya kuusikiliza na wala sikuhitaji kujua, sauti ilikuwa imeshaniambia kuna mtu hayupo. Kitu ninachotaka mtu wa mitambo akisikie kwenye Teardrop ni kwamba chini ya ile sauti hakuna vitu vingi. Hesabu. Ngoma, kinanda, besi, vitu vidogo vya pembeni vinaingia na kutoka. Mwimbaji amepewa nafasi ya kupumua na wewe unasikia pumzi zake. Huku kwetu tukiona nafasi tunaijaza, kinanda cha pili, waitikiaji, mwangwi kwenye maiki.

Basi nije kwenye kazi ya usiku.

Bristol nilipata kazi ya ulinzi, nikachukua leseni ya SIA, mamlaka inayosimamia walinzi, kama inavyotakiwa na sheria huku, nikawekwa kwenye jengo la ofisi karibu na stesheni ya Temple Meads. Saa moja usiku mpaka saa moja asubuhi. Kazi yenyewe haina mambo mengi, unakaa mezani na skrini za kamera, kila baada ya muda unapanda ghorofa zote unakagua. Lile jengo taa za korido zinajiwasha zenyewe ukipita, kipande kwa kipande, mbele yako giza, unapiga hatua, taa inawaka juu ya kichwa, ukifika katikati ile ya nyuma imeshazima. Kwa hiyo unatembea ndani ya kijisanduku cha mwanga kinachokufuata. Unasukuma kila mlango wa dharura kuhakikisha umejifunga, unashika komeo, unasikiliza. Na sauti za jengo tupu ni nyingi jamani, mchana huzisikii. Friji ya jikoni ghorofa ya tatu inanguruma inakata inarudi. Mabomba. Lifti inajishusha yenyewe. Feni za chumba cha kompyuta zinatoa sauti moja ya chini haibadiliki usiku kucha, na juu ya hiyo vingine vyote vinakuja na kuondoka.

Usiku mmoja wakati wa mapumziko nikaiweka albamu tangu mwanzo, hedifoni sikio moja, ikafika wimbo wa kumi, Group Four. Nilikuwa nimeshausikia Tanga ukanipita, mrefu, zaidi ya dakika nane. Safari hii nikasikia maneno. Anayeongea humo ni mlinzi. Mlinzi wa usiku, anakagua makomeo, anatia funguo kwenye kufuli, anazurura peke yake, ana zile skrini zake na magazeti. Na Group 4 kwa Waingereza wa miaka ile lilikuwa ni jina la kampuni kubwa ya ulinzi, kila mtu analijua, mi nilikuwa nadhani ni kundi la nne la kitu fulani. Nilisimama. Mtu alikaa miaka ya 90 akaandika wimbo kuhusu mimi nimevaa koti la kampuni saa tisa usiku, na hakunidharau, hakunifanya kichekesho wala mtu wa kuhurumiwa, alinipa akili inayofikiri gizani. Hiyo ni heshima ambayo walinzi hawapewi sana, si Bristol si Tanga wala Dar. Na Fraser anaingia katikati, sauti yake na ya Del Naja zinapishana bila kukutana, yeye yuko kwenye ndoto ya huyo mlinzi au ni mwanamke aliyelala nyumbani, mi naamini ni aliyelala nyumbani, mwingine atasikia vingine. Afu nusu ya mwisho mitambo inaanza kupanda, inapanda, ngoma inakuwa nzito, magitaa, inazunguka palepale inazidi, na hakuna kinachotokea, zamu inaendelea tu. Aliyewahi kufanya zamu ya usiku anaijua ile saa kumi alfajiri ambapo akili inaanza kwenda mbio na mwili umekaa kwenye kiti.

Tangu hapo nikaanza kusikiliza lile jengo namna ninavyosikiliza wimbo. Sio ushairi nasema, ni kazi ya sikio. Ile sauti ya feni ndo besi, haisogei, na kwa sababu haisogei kila kinachoongezeka kina maana. Mlango ukigonga ghorofa ya tano unausikia. Nikaelewa kwa nini Massive Attack wanaiacha besi moja iende dakika sita bila kuibadilisha, wanakujengea ukimya wenye uzito, afu kitu kidogo sana kikipita ndani yake, mkwaruzo, neno, sahani inayogeuzwa, unashtuka. Ngoma ukiibadilisha kila sekunde nane, kama biti nyingi za sa hivi, unamzoesha msikilizaji kwamba mabadiliko ni kitu cha kawaida, na hutamshtua tena.

Kuna wimbo mwingine humo nataka Waswahili wausikilize, Man Next Door. Ni wa zamani, wa John Holt na The Paragons wa Jamaika, wengi wameurudia, hapa anauimba Horace Andy. Habari yenyewe: jirani. Kuna mtu chumba cha pili anarudi usiku wa manane, anagonga, anagombana, ananinyima usingizi, itabidi nihame nitafute mahali penye utulivu. Basi. Sasa nani kati yetu aliyepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, korido moja, choo kimoja, dari lililo wazi juu sauti zinapita chumba mpaka chumba, nani hajauishi huo wimbo? Unajua mshahara wa jirani umetoka lini kwa sauti ya mlango wake. Unajua leo atapigwa mtu. Kwenye reggae ya mwanzo wimbo ulikuwa na ulalamishi mtamu hivi, watu wanacheza. Massive Attack wameuwekea ngoma nzito ya bendi ya Led Zeppelin na kipande cha gitaa cha bendi ya The Cure, kile kinachodondoka tone tone, na ghafla ule ugomvi wa jirani sio tena kero, ni hatari, unaanza kujiuliza kule ndani kuna nini hasa na kwa nini wote tunajifanya tumelala. Maneno hawajayagusa. Wamebadilisha chumba tu. Nimewapigia watu wa rika la mama yangu huo wimbo nikawaeleza maneno, mmoja akasema, "Huyo mwanangu alipanga Ngamiani," mtaa wa kwetu Tanga, akanyamaza akausikiliza mpaka mwisho.

Kuhusu kuchukua vipande vya wengine, najua kuna wanaosema ni uvivu. Wakae na albamu hii. Wamechukua kwa Velvet Underground, kwa Les McCann, kwa Ultravox, kwa Isaac Hayes, vitu ambavyo havijuani kabisa, na wakavizamisha mpaka huwezi kuona mshono. Usipoambiwa hutajua. Kazi ya kipande kilichochukuliwa humo sio kukufanya useme aah hii naijua, kazi yake ni kukufanya uhisi kwamba huu wimbo una watu wengine ndani yake, waliotangulia. Kwenye singeli na bongo fleva tunachukua vipande vya taarab na dansi la zamani siku hizi, na nafurahi, ila mara nyingi kipande kinawekwa mbele kabisa kama bango. Natamani prodyuza mmoja wa Manzese achukue vinanda vya taarab ya zamani avizamishe chini namna hii aone kitakachotokea.

Nimerudi kwenye mitambo huku pia, wikiendi, harusi za Watanzania na Wakenya, ubatizo, misiba. Na nafanya tofauti. Wageni wakiwa wanaingia ukumbini naweka besi tu na ngoma, chini chini, watu wanaongea juu yake, MC ananitolea macho anadhani mitambo imekufa, namwambia bro subiri. Maharusi wakifika mlangoni ndo naachia vingine vyote. Volyumu sijaipandisha hata kidogo, na ukumbi unalipuka. Wakina mama wanakuja kuniuliza umefanyaje leo. Kwenye misiba ndo zaidi. Msibani watu wa muziki tunapenda kujaza, kwaya nyuma ya kwaya, na mimi siku hizi kati ya wimbo na wimbo naacha, naacha kabisa, watu wakasikiane wanavyovuta pumzi, afu ndo nalianzisha la pili kwa sauti ya chini. Mfiwa mmoja alinishika mkono kwa ajili ya huo ukimya na sio kwa ajili ya nyimbo nilizochagua.

Machi 2019 walipiga albamu yote Bristol, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Filton, kwenye ile ziara ya miaka ishirini na kitu ya Mezzanine, na nilibadilishana zamu nikaenda. Fraser mwenyewe alikuwepo. Horace Andy alikuwepo, mzee wa karibu miaka sabini, anaingia anaimba Angel anatoka. Na walipiga pia nyimbo walizochukua vipande vyake, zenyewe nzima, kuwarudishia wenyewe deni hadharani, ambalo sijaona kundi lingine likifanya kwa moyo namna ile. Magitaa ya usiku ule yalikuwa ya Angelo Bruschini, ndiye aliyepiga hata kwenye albamu, kijana wa Bristol, amefariki Oktoba 2023. Yale magitaa ya Angel niliyoyaeleza juu kule, yaliyotikisa bati la stoo yetu, ni mikono yake. Jina lake wengi hawalijui na ndo maana naliandika.

Mji wenyewe umebadilika kidogo. Kulikuwa na ukumbi mkubwa wa muziki unaitwa Colston Hall, jina la mfanyabiashara wa watumwa, na Massive Attack miaka yote walikataa kupiga humo kwa sababu ya jina hilo, nyumbani kwao kabisa, ukumbi mkubwa wa mji wao. Juni 2020 watu wakaing'oa sanamu ya Colston wakaiviringisha mpaka bandarini wakaitumbukiza, na Septemba mwaka huohuo ukumbi ukaitwa Bristol Beacon. Nikipita pale na jirani zangu wa St Pauls nawaambia hawa jamaa walijua kunyima, tangu kwenye besi.

Kwa wanaotaka kuanza: usiruke nyimbo. Angel, Risingson, Teardrop, Inertia Creeps, ziende kwa mfuatano zilivyopangwa. Kama umelelewa na reggae na magitaa yanakushinda mwanzoni, kuna toleo la 2019 lenye miksi za dabu, ile reggae inayoachia besi na mwangwi, alizofanya prodyuza Mad Professor, zilikuwa zimekaa kabatini miaka yote hiyo, humo magitaa yamerudi nyuma na besi imeachiwa ukumbi mzima. Sikiliza hizo kwanza wiki moja afu urudi kwenye yenyewe. Mwenzangu wa Tanga, yule aliyeuliza mbona haianzi, nilimtumia hizo kwa watsapu, na sasa ndo anajaribia nazo spika kabla ya kila harusi.